Sura ya Nane: Stempu za Wazee na Seva ya Nyumbani

Katika nyumba nyingi za miji ya pwani yetu, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, mna kitu ambacho warithi huogopa kukitupa na huona uzito kukifungua, nacho ni albamu ya stempu iliyoachwa na baba, ami au babu aliyekuwa karani wa forodha, mwalimu wa skuli au mfanyabiashara wa karafuu, mtu aliyepokea barua nyingi katika umri wake na asiwe na moyo wa kuiacha picha ndogo ya rangi nzuri iende jaani pamoja na bahasha. Na katika baadhi ya nyumba hizo hizo siku hizi mna kitu cha pili, kipya, nacho ni kompyuta isiyo na kioo, iliyokaa nyuma ya kabati au chini ya ngazi, inayowaka usiku na mchana ikihifadhi picha za arusi, sauti za wazee, hati za nyumba na karatasi za hospitali za jamaa wote. Hiyo ndiyo seva ya nyumbani. Sura hii yahusu kazi ya kukipunguza kile cha kwanza kwa msaada wa hiki cha pili, kazi niliyoifanya kwa albamu za marehemu ami yangu, na ambayo naiona kuwa ni faradhi ya kila jamaa aliyejaaliwa kurithi karatasi.

Hoja yangu ni nyepesi kuitaja ingawa utekelezaji wake ni mzito. Stempu isiyojulikana ilitoka katika barua gani, ikapita posta gani na katika mwaka gani, imepoteza nusu ya ushahidi wake. Na faili ambalo jina lake ni tarakimu tupu zilizowekwa na kamera limepoteza zaidi ya nusu. Anayeachiwa marundo ya namna hiyo, yawe ya karatasi au ya umeme, hakuachiwa kumbukumbu yoyote anayoweza kuisoma. Ameachiwa mzigo ambao atauhamisha kutoka nyumba hata nyumba mpaka apatikane mtu wa kizazi cha baadaye atakayeutupa bila ya kuuangalia.

Hapana budi kwanza nieleze kilichomo ndani ya albamu za pwani, kwa kuwa wengi wanaozimiliki hawajui kwamba wameshika tarikhi ya nchi yao mikononi. Stempu ya kwanza duniani ilitoka Uingereza mwezi wa Mei mwaka 1840, tunda la mageuzi ya Rowland Hill, ambaye alitaka mwenye kupeleka barua ndiye alipe ada yake, na alipe kwa uzito wa barua badala ya umbali wa safari. Pwani yetu haikukawia sana kuijua ada hiyo, ingawa iliijua kwa mkono wa wengine. Posta ya kwanza ya Unguja ilikuwa tawi la posta ya Uhindi. Ilifunguliwa mwaka 1868, ikafungwa baada ya muda mfupi, kisha ikafunguliwa tena mwaka 1875, na kwa miaka ishirini iliyofuata barua za Unguja zilikwenda Bombay, Maskati na London zikiwa zimebandikwa stempu za Uhindi zenye kichwa cha Malkia Victoria, wala hapakuwa na alama ya kumjulisha mtu kwamba stempu hiyo ilitumika Unguja ila muhuri uliogongwa juu yake. Mnamo Novemba 1895 ndipo stempu hizo za Uhindi zilipoanza kuchapwa neno Zanzibar juu yake katika matbaa ya hapo hapo mjini, kazi iliyofanywa kwa haraka hata nyingine zikatoka zimeandikwa Zanzidar. Na kosa hilo la mpanga herufi leo latafutwa kwa bei kubwa kuliko usahihi wa stempu nyingine za karatasi ile ile, na kwa sababu hiyo hiyo limeghushiwa na walaghai wa nchi nyingi.

Mwaka uliofuata zikatoka stempu zenye sura ya Sayyid Hamad bin Thuwaini. Sultani huyo alifariki tarehe 25 Agosti 1896, na siku mbili baadaye manowari za Waingereza zikalipiga kasri la Unguja kwa makombora katika vita vilivyokwisha kabla ya kutimia saa moja. Ila sura ya marehemu iliendelea kusafiri juu ya barua za watu katika enzi ya Sayyid Hamud bin Muhammad, mpaka stempu za huyu zilipotoka mwaka 1899. Sayyid Khalifa bin Haroub, aliyetawala tangu mwaka 1911 hata 1960, aliingia katika stempu mwaka 1913 akiwa hajafika miaka arobaini, na mwenye albamu kamili aweza kumtazama akizeeka ukurasa kwa ukurasa. Kisha yakaja Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, na stempu zilizokuwamo ghalani, zile zenye sura ya Sayyid Abdullah bin Khalifa na zile zilizotolewa kwa ajili ya uhuru wa Desemba 1963, zikagongwa kwa mkono maneno JAMHURI 1964, na baadaye zikachapwa maneno hayo kwa mashine. Katika nyumba moja niliyopata kuingia, stempu za namna hiyo zilikuwa zimetupwa katika kopo la vifungo, na mwenye nyumba, mama mwenye umri mkubwa na akili timamu, alinieleza kila tukio la mwezi ule bila ya kufahamu kwamba kopo lile lilikuwa na shahidi wa maneno yake.

Upande wa bara mambo yalikuwa na mizunguko zaidi. Mombasa iliingia katika stempu mwaka 1890, wakati Imperial British East Africa Company ilipochapa jina lake juu ya stempu za Uingereza. Lamu ilikuwa na posta ya Wajerumani tangu mwaka 1888 hata 1891, na Unguja yenyewe ilikuwa nayo tangu 1890 hata 1891, na barua zilizopita katika posta hizo zilibandikwa stempu za kawaida za Ujerumani, ambazo zikitengwa na mihuri yake hazina tofauti yoyote na stempu iliyobandikwa Berlin. Tanganyika ya Wajerumani ilipata stempu zilizochapwa thamani kwa pesa mwaka 1893, pesa 64 kwa rupia moja, na tangu 1905 zikahesabiwa kwa heller, mia kwa rupia.

Katika visa vyote vya stempu za nchi yetu hapana kinachonishughulisha kama kile cha Wuga. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, bahari ikiwa imezingirwa na manowari za Waingereza na stempu zikiwa zinakwisha, serikali ya Kijerumani iliagiza stempu zichapwe katika matbaa ya misheni ya Wuga, katika milima ya Usambara, mahali ambapo kazi ya kila siku ilikuwa kuchapa vitabu vya dini na vya skuli. Zikachapwa za heller mbili na nusu, za heller saba na nusu, na za rupia moja. Lakini mnamo Machi 1916 merikebu iitwayo Marie iliponyoka katika mzingiro ule ikaingia Sudi, kusini ya Lindi, ikiwa na silaha na shehena nyingine, zikiwamo stempu kutoka Ujerumani. Basi zile za Wuga hazikuwa na haja tena, na adui alipokaribia zikafukiwa ardhini ili zisitekwe. Baada ya vita zilifukuliwa, zikapelekwa Ujerumani na kuuzwa, na nyingi kati yake zilikutwa zimeharibika kwa unyevu. Ninapowasikia watu wakisema kwamba karatasi yao iko salama kwa kuwa imefungiwa mahali pasipofikiwa na mtu, huzikumbuka zile stempu za Wuga, ambazo zilifichwa na wenye nia njema na uangalifu mkubwa, na udongo ukazila.

Naja sasa kwenye stempu ambazo ndizo wingi wa kila albamu ya Afrika Mashariki, zile zilizoandikwa Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja kuanzia mwaka 1935, zenye korongo mwenye taji, simba, jahazi juu ya ziwa la Victoria, na vilele vya Kilimanjaro na Kenya. Stempu hizo zilitumika katika nchi zote tatu, na desturi ya stempu za pamoja ikaendelea hata baada ya uhuru mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Basi mtu aliyeshika stempu ya senti 20 ya simba hana njia ya kujua kama iliondoka Kisumu, Jinja au Tanga isipokuwa kwa muhuri, na muhuri mzima aghalabu huwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Vitabu vya Ulaya vilivyowafundisha wazee wetu ukusanyaji viliwaamuru waikate pembe ya bahasha, wairoweke katika maji ya vuguvugu mpaka gundi ilegee, waikaushe stempu kati ya karatasi za kunyonya maji, kisha waibandike katika nafasi yake kwa kibandiko kidogo. Wakatii. Zilipotupwa bahasha zikaenda pamoja nazo jina la aliyepelekewa, mtaa wake, tarehe, njia iliyopitiwa na barua, na pengine mwandiko wa mtu ambaye hakuacha mwandiko mwingine duniani. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliroweka kila kitu katika ujana wake. Uzeeni aligeuka, akaanza kuziweka bahasha nzima katika mikebe ya biskuti, na mikebe hiyo leo ndiyo yenye thamani kwetu kuliko albamu zake zote za jalada la ngozi.

Kuhusu thamani ya fedha ni lazima niseme kweli, maana jamaa wengi wamegombana kwa ajili ya mali isiyokuwapo. Watu husikia kwamba stempu moja ya senti ya British Guiana ya mwaka 1856 iliuzwa New York mwaka 2021 kwa zaidi ya dola milioni nane, wakaitazama albamu ya babu kwa macho mengine. Stempu hiyo ni ya pekee duniani. Stempu za kawaida za miaka ya 1930 hata 1970 zilichapwa kwa wingi mkubwa na zikahifadhiwa na watu wengi, na bei iliyoandikwa katika kitabu cha Stanley Gibbons ni bei ya duka kwa kipande kisicho na dosari, ilhali vipande vyetu vimekaa katika nyumba za chokaa karibu na bahari, vikashikana na karatasi kwa rutuba ya masika, vikaota madoa ya kahawia kama kutu na kutobolewa na wadudu. Dalali mwaminifu atatoa sehemu ndogo tu ya bei ya kitabu. Wapo wasio waaminifu, nao hutambulikana kwa haraka yao ya kutaka kununua mkebe mzima kabla haujafunguliwa.

Kazi ya kupunguza, basi, na ianze bila ya tamaa ya utajiri. Chagua siku kavu, wakati wa kaskazi ikiwezekana, feni ikiwa imezimwa na madirisha yanayopokea upepo yamefungwa. Nawa mikono na uikaushe, na stempu uishike kwa kibanio chenye ncha bapa, wala usiilambe wala kuinyoosha kwa kucha. Kitu cha kwanza kutengwa ni bahasha nzima, kadi na barua zenye mihuri inayosomeka, na hizi zote hubaki mpaka zitakapokuwa zimepigwa picha na kuandikwa. Kitu cha pili ni stempu zilizo na dalili ya uhaba, yaani za Unguja za kabla ya mwaka 1900, zile za JAMHURI, zile zilizochapwa kwa ajili ya Mafia baada ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho mwaka 1915, na zile za Wajerumani zenye mihuri ya miji yetu. Hizo zafaa zioneshwe kwa mjuzi asiye mnunuzi. Zilizobaki, na zitakuwa wingi mno, ni za kugawa. Miongoni mwa hizo zitakuwamo zile zenye picha za samaki, wanasesere na ndege za angani zilizotolewa na serikali za mbali zikiwa zimegongwa muhuri kiwandani, ambazo hazikusafiri juu ya barua yoyote. Mtoto atazifurahia, na hiyo ni kazi njema ya kutosha.

Kabla ya chochote kuondoka nyumbani, kipigwe picha kwa skana. Simu nzuri yafaa kwa kumwonesha ndugu aliye mbali, lakini kivuli na mshazari wake hupotosha rangi na meno ya stempu, na meno hayo, idadi yake katika kila sentimita mbili, ndiyo mara nyingi yanayotenganisha toleo moja na jingine. Ukurasa mzima wa albamu, ukiskaniwa kwa nukta 600 katika kila inchi na kuhifadhiwa katika muundo wa TIFF usiopunguza kitu, huchukua kama megabaiti 100. Stempu moja ya kawaida kwa nukta 1200 huchukua kama megabaiti tano. Basi albamu za kurasa 200 ni kama gigabaiti 20, na stempu teule 2,000 ni gigabaiti kumi nyingine, jumla ambayo haifiki hata sehemu ya ishirini na tano ya diski ya terabaiti moja. Nataja hesabu hii kwa sababu wengi huzipunguza picha zao kwa hofu ya kukosa nafasi, na nafasi ndiyo iliyo rahisi kuliko vyote katika kazi hii. Bahasha iskaniwe mbele na nyuma, maana mihuri ya kupokelea aghalabu hugongwa nyuma, na barua ya mwaka 1931, mwaka ndege za Imperial Airways zilipoanza kuleta barua kutoka London hata Mwanza, huenda ikaonesha nyuma yake safari nzima.

Kilicho kigumu ni kuandika. Kila picha ipewe jina lenye mwaka, posta ya kuondokea, posta ya kufikia na nambari, na nambari hiyo iandikwe kwa penseli laini katika kibahasha cha karatasi isiyo na asidi kinachokihifadhi kitu chenyewe. Pamoja nayo liwepo daftari, jedwali la kawaida la kompyuta ambalo programu yoyote yaweza kulifungua, lenye majina ya watu waliotajwa, nasaba yao na lolote alilolisimulia mzee aliyekuwapo mezani. Mwite mzee huyo mapema. Katika kazi yetu shangazi mmoja aliutambua mwandiko wa bahasha ambayo sisi sote tuliihesabu kuwa ya mgeni, na kwa neno lake moja barua sita zikapata mwenyewe.

Na hapa ndipo seva ya nyumbani inapopata maana yake. Barua hizi zina siri za watu: mikopo, talaka, maradhi, na hasa barua zilizopita kati ya Unguja na Maskati baada ya mwaka 1964, ambamo watu waliotengana waliandikiana kwa tahadhari wasiyoifasiri. Siwaelewi wanaozipeleka picha za barua kama hizo katika ghala la kampuni ya ng'ambo bila ya kuuliza, ambako nywila ikisahauliwa au ada ikikosa kulipwa mlango hufungwa. Mashine iliyomo nyumbani, chini ya mamlaka ya jamaa, ni adabu kwa wale waliomo ndani ya barua.

Mashine yenyewe haina haja ya kuwa mpya. Kompyuta ndogo ya ofisi iliyokwisha kutumika, yenye kula wati 20 hivi, ikiwaka mwaka mzima hutumia uniti 175 za umeme, na yaweza kuendeshwa kwa Debian, mfumo ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993 ambao hutolewa bure na hudumishwa na watu wa kujitolea wa nchi nyingi. Kwa pwani yetu shurti iwekwe mbali na sakafu na mbali na dirisha la bahari, kwa kuwa hewa ya chumvi hula viunganishi vya shaba, na vumbi likichanganyika na unyevu huziba feni. Na iwe na betri ya akiba kati yake na ukuta, maana umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo ndio adui mkubwa wa diski zetu. Betri hiyo iunganishwe na seva kwa waya wake wa data, ili chaji ikikaribia kwisha mashine ijizime yenyewe kwa utaratibu.

Limeenea miongoni mwa wanaoanza kosa ambalo limewagharimu watu kumbukumbu za miaka, nalo ni kudhani kwamba diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa pamoja ni akiba ya kutosha. Mpango huo, uliopewa jina la RAID na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley katika makala yao ya mwaka 1988, huikinga kazi isikatike diski moja ifapo. Haumkingi mtu na mkono wake mwenyewe, kwani faili likifutwa katika diski moja hufutwa katika ya pili papo hapo, na mwizi akiichukua mashine huzichukua zote mbili. Afadhali kanuni aliyoieneza mpiga picha wa Kimarekani Peter Krogh, kwamba ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Jamaa zetu wametawanyika kiasi kwamba kanuni hiyo kwetu ni nyepesi: diski ya tatu, iliyofumbwa kwa nywila, ikae kwa ndugu wa Tanga au wa Maskati, na ibadilishwe na mpya kila wanapokuja kwa Idi.

Nakala isiyojaribiwa isihesabiwe. Mara kwa mara chukua faili moja kutoka katika diski ya akiba, lifungue, ulitazame. Na kwa mafaili yote pamoja iachie kompyuta ikokotoe alama ya SHA-256 ya kila moja, mfululizo wa herufi na tarakimu 64 unaobadilika kabisa hata nukta moja ya faili ikigeuka, kisha ilinganishe na alama zilizowekwa siku ya kwanza. Diski huchakaa kimya kimya, na picha iliyoharibika ikinakiliwa bila ya kukaguliwa huifuta ile nzima. Kuhusu wezi wa mtandaoni nasema kwa ufupi: seva ya nyumbani isifunguliwe mlango katika ruta ili ionekane na dunia nzima, ndugu walioko mbali na waingie kwa njia iliyofumbwa kama WireGuard, na programu zisasishwe kila zinapotolewa marekebisho ya usalama.

Nayo seva huhitaji kupunguzwa. Nimeona seva za watu makini zikiwa na picha moja ya arusi mara kumi na zaidi, kila moja imepokewa kutoka kwa mtu mwingine kwa WhatsApp, ambayo hupunguza ubora wa picha na kuiondolea tarehe na mahali ilipopigwa. Huko ni kuiroweka stempu kwa maji mapya. Mtafute aliyeipiga, muombe faili lake la asili kutoka katika simu au kamera yake, ulihifadhi hilo, na yale mengine uyafute bila ya huruma. Video za salamu za asubuhi zilizopokewa kutoka kwa kila jamaa, nakala za nakala za simu za zamani, filamu ambazo hapana atakayezitazama tena, zote hizo huificha sauti ya bibi iliyorekodiwa mara moja tu, na mrithi anayeyakuta mafaili laki mbili yasiyo na mpango atafanya kama wafanyavyo warithi wa albamu: ataahirisha mpaka diski ife.

Kwa hiyo mwenye seva na aandike waraka wa ukurasa mmoja, kwa wino na karatasi, aeleze mahali ilipo mashine, namna ya kuizima na kuiwasha, ilipo diski ya nje, nywila imehifadhiwa wapi, ni folda ipi yenye vitu visivyopatikana kwingine, na nani ameusiwa kuisimamia. Waraka huo ukae pamoja na hati ya nyumba na wasia. Nimewasikia vijana wenye ujuzi wakisema kwamba kila kitu wameshakiandika, na kumbe wamekiandika ndani ya seva ile ile.

Albamu za ami yangu zimekwisha kugawanywa. Stempu za kawaida zimekwenda kwa watoto wa skuli pamoja na ramani, na walimu wao wanazitumia kufundishia majina ya nchi. Chache zenye bei ziliuzwa kwa ridhaa ya warithi wote na fedha zake zikagawanywa kwa sheria ya mirathi. Bahasha zimebaki na jamaa, zikiwa kavu, katika sanduku lisilopitisha wadudu, kila moja ina picha na nambari yake katika seva. Wenye bahasha zinazohusu mambo ya umma, kama idara za serikali, biashara ya karafuu au safari za majahazi, na wakazioneshe kwa wahifadhi wa Nyaraka za Taifa, kwa upande wa Zanzibar pale Kilimani, kabla ya kuziuza nje ya nchi, kwa sababu kitu kikishavuka bahari huwa taabu kukirudisha.

Nawe msomaji, kama nyumbani kwako mna mkebe, albamu au kifurushi kilichofungwa kwa uzi, nakusihi usikate pembe ya bahasha hata moja, wala usimruhusu mnunuzi akuchagulie. Mketishe mzee aliye hai karibu nawe, chukua penseli, na nyuma ya kila kibahasha andika jina analolitaja, mwaka na mji, wiki hii hii, maana skana yaweza kungojea mpaka mwezi ujao.